Ndege Aliyewekwa Mezani

Clement Tromans aligawa maziwa milangoni mwa watu wa Amblecote na Wordsley, vitongoji vya Stourbridge, tangu akiwa kijana mpaka magoti yalipoanza kumlilia. Aliamka majirani wakikoroma, akapakia chupa kwenye kigari chake cha betri, na jua lilipokuwa bado bichi kazi yake ilikuwa imekwisha. Hakuwa na mtoto wa kupeleka shule wala mbwa wa kutembeza. Mwanamume mwenye nafasi kama hiyo huku kwetu hufuga njiwa, au hukuza vitunguu vya kushindania kikombe, au hunywa. Clement alikusanya vyombo vya kioo.

Hakuanza kwa kutaka. Miongoni mwa wateja wake alikuwapo bibi mmoja mjane aliyeweka bakuli dirishani, na kwenye bakuli hilo walikuwa wamechongwa samaki wawili wakigeukiana ndani ya majani ya maji. Mwanga wa asubuhi ulipopita, samaki walionekana kama wanatikisa mikia. Kila alipoweka chupa kizingitini, Clement aliinama kidogo akawatazama, kisha akaendelea na safari. Bibi alikuwa anamwona kutoka ndani. Alipokaribia kufa alimwita akamkabidhi bakuli likiwa limeviringishwa kwenye taulo.

"Chukua wewe," alimwambia. "Wanangu wote wamepita hapa miaka na miaka. Wewe peke yako ndiye unayewasalimu hawa samaki."

Basi ugonjwa ukamwingia. Mji wetu ni mji wa vioo. Hakuna ukoo usio na mtu aliyewahi kupuliza, kuchonga au kupaka rangi, na babu yake Clement mwenyewe alikufa mapafu yakiwa yamechoka kama mvukuto wa zamani. Lakini Clement hakutaka kila kioo. Alitaka vile vya zama za Malkia Victoria, wakati Waingereza waliposhikwa na wazimu wa mambo ya Kijapani, kila bibi mwenye uwezo akataka pepeo ukutani na ndege wa Mashariki kwenye chombo chake cha maua. Mafundi wa hapa, watu ambao safari yao ya mbali ilikuwa Birmingham, wakaletewa picha wakaambiwa wachore. Wakachora korongo ambao hawajapata kuwaona, mianzi, mawimbi, matawi ya mplamu yenye maua bila majani. Clement aliwapenda kwa hilo hasa. Alikuwa akisema kwamba ukimkazia macho korongo wetu wa Kijapani, utagundua ana shingo ya bata bukini wa mfereji wa Stourbridge.

Mke wake, Avis, alipika katika jiko la shule, na ulimi wake ulikuwa na makali kuliko visu vya jikoni. "Nyumba hii ina vyombo vya maua vingi kuliko maua," aliwaambia wageni. "Siku moja nitaolewa na mwanamume mwenye sofa." Hata hivyo aliyevifuta vumbi vyombo vile alikuwa yeye. Clement hakuruhusiwa kuvigusa kabla ya kunawa, kwa sababu, alivyosema Avis, mikono yake ilinuka mtindi hata Jumapili.

Siku za Jumamosi, soko la vitu vya kale lilifanyika katika ukumbi wa kanisa, ng'ambo ya mji. Muuzaji mmoja pale, Percy Foxall, mtu mnene aliyevaa fulana ya sufu kiangazi na masika, alimpigia Clement simu siku ya Ijumaa. Alikuwa amepata chombo cha rangi ya pembe ya ndovu, kimepakwa dhahabu: korongo amesimama kwa mguu mmoja kwenye matete, tawi la mplamu juu ya kichwa chake. "Nitakuwekea mpaka saa sita," Foxall alisema. "Baada ya hapo sina udugu na mtu."

Asubuhi ya Jumamosi ile Avis alikuwa akimimina chai, kikombe kikamponyoka. Si kwamba kiligonga kitu. Vidole viliachia tu. Alikitazama kikombe pale sakafuni kama mtu anayejaribu kukumbuka jina lake, kisha akacheka, na cheko lile lilipanda upande mmoja tu wa uso.

Clement aliliona. Hili ndilo lililomtafuna baadaye kuliko mengine yote, kwamba aliliona na kulijua. Krismasi iliyopita mzee mmoja mteja wake alimfungulia mlango mdomo ukiwa umeshuka vilevile, na Clement ndiye aliyekimbia kuita gari la wagonjwa. Hakuwa na kisingizio cha kutojua.

"Umelala vibaya?" aliuliza.

"Kichwa kizito tu. Mkono kama unatembewa na sisimizi." Avis alikuwa anaokota vigae kwa mkono wa kushoto. "Wewe si unaenda kwa Foxall? Nenda. Lakini usichelewe, Clem."

"Naenda na kurudi."

Akajiambia kwamba ni usingizi mbaya. Akajiambia hivyo kituoni na ndani ya basi, na alipofika ukumbini hakuhitaji tena kujiambia, maana Foxall alikuwa amekifungua chombo.

Kilikuwa kizuri kuliko maneno ya simu. Dhahabu ilikuwa imepandishwa kwa brashi nyembamba mpaka manyoya ya korongo yalihisika kidoleni. Kukinunua hakukuchukua muda. Lakini Foxall alikuwa na chupa ya chai ya moto na kiti cha ziada, na kulikuwa na suala la kujadili: mkono uliopaka ule mplamu ulikuwa ni uleule uliopaka korongo, au walikuwa mafundi wawili? Clement alikaa. Walikunywa chai, wakala keki ya matunda makavu, wakabishana kwa raha. Halafu mvua ikaanza, naye akangoja ipungue asije akalowesha gazeti lililofungiwa chombo.

Alipofungua mlango wa nyuma wa nyumba yake mchana ule, alisikia kwanza bomba la maji likitiririka. Avis alikuwa sakafuni kati ya jiko na sinki, ubavu mmoja chini, macho wazi. Alikuwa anamtazama.

Clement alikuwa amekumbatia kifurushi kifuani. Alipiga hatua hadi mezani, akasogeza kisahani cha siagi, akakiweka kifurushi kwa mikono miwili, akakishika kidogo kuhakikisha hakiyumbi. Kisha ndipo akapiga magoti kando ya mkewe.

Ilikuwa kitambo cha kuvuta pumzi mara mbili, basi. Daktari yeyote angemwambia kwamba kitambo hicho hakikubadilisha kitu. Lakini hakumuuliza daktari yeyote.

Hospitali ilimwokoa Avis, lakini kiharusi kilichukua mkono na mguu wa kulia, na maneno karibu yote. Daktari aliuliza kama asubuhi alikuwa na dalili yoyote. Clement akasema alikuwa mzima kabisa. Muriel, dada mdogo wa Avis, alikuja mbio na koti limefungwa vifungo vibaya, akamuuliza, "Ulikuwa wapi, shemeji? Mchana wote huo?"

"Basi liliharibika njiani," alisema Clement. "Hata chombo chenyewe nilikikosa."

Muriel akamkumbatia akalia begani kwake.

Usiku huo Clement alikichukua kifurushi mezani bila kukifungua, akakificha katika kibanda cha uani nyuma ya makopo ya rangi.

Avis aliporudi nyumbani, Clement aliacha kazi. Alijifunza kumwogesha, kumsuka nywele, kumkatia nyama vipande vidogo, kumgeuza kitandani asipate vidonda. Alifanya yote hayo vizuri, na hakuna aliyesifiwa zaidi yake. Majirani walimsimamisha barabarani. Kasisi alimtaja kanisani bila kutaja jina, watu wote wakageuka wakamtazama. Kila Jumatano Muriel alileta pai ya nyama na figo, ya moto bado, akaiweka juu ya jiko akisema, "Dada yangu aliolewa na dhahabu, mimi nikaolewa na bati." Mume wa Muriel, aliyekuwa amebeba viazi nyuma yake, alikubali kwa kichwa.

Clement alizila pai zile. Zilikuwa tamu, naye akarudisha sahani zikiwa zimeoshwa.

Maneno ya Avis yalirudi moja moja, kama kuku wanaorudi bandani kwa hiari yao. La kwanza lilikuwa "chai". La pili lilikuwa tusi ambalo Muriel hakuwahi kulisikia kinywani mwake. La tatu lilikuwa "ndege".

Alilisema jikoni, akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, akinyoosha mkono wa kushoto kuelekea mezani. Siku hiyo alikuwapo binti mmoja kutoka hospitali, Bi Lockley, aliyekuja kila wiki kumfundisha matamshi kwa kadi zenye picha. Bi Lockley alifurahi. Akatafuta kadi ya ndege akampa. Avis aliitazama, akaisukuma kando, akaonyesha meza tena.

"Ndege," alisema. "Meza."

"Hapana ndege mezani, dada yangu," alisema Muriel kwa upole. "Ni chumvi ile."

Avis akamgeukia Clement. Hakuwa anauliza. Alikuwa anamtazama kama alivyomtazama kutoka sakafuni, na Clement akajua kwamba gazeti lilikuwa limechanika ubavuni siku ile, na kwamba mkewe, akiwa amelala pale bila uwezo wa kuita, alikuwa ameona shingo ya dhahabu ikitua mezani kabla ya mume wake kutua kando yake.

Birika lilikuwa linachemka. Clement alilitazama birika.

"Ni ugonjwa," alisema. "Daktari alisema vitu vitachanganyika."

Uongo huo wa pili ulikuwa mbaya kuliko ule wa hospitalini, na aliujua ukiwa bado mdomoni. Wa kwanza ulimtoka kwa mshtuko. Wa pili aliuchagua.

Baada ya hapo likawa jambo la kila siku. Avis alisema ndege asubuhi na ndege jioni. Aliupiga ubao wa meza kwa kiganja. Wakati mwingine alilia kwa hasira, ulimi ukitafuta neno lililo nyuma ya neno lile na kulikosa. Muriel alianza kumwonea huruma ya aina nyingine, ile inayosemwa kwa sauti ya chini mtu akiwa chumba hichohicho. Daktari naye, akisikia habari kwa Muriel, alisema wapo wagonjwa wanaoona vitu visivyokuwapo, na kwamba kama hali itazidi kuna nyumba nzuri ya kulelea watu kama hao, yenye bustani.

"Sisemi leo," Muriel alimwambia Clement mlangoni. "Lakini jitazame, shemeji. Umekonda mpaka suruali inakuzunguka. Utazikwa wewe kabla yake, halafu nani atamtunza? Wacha aje mama wa ustawi wa jamii, azungumze naye tu."

"Si lazima, Muriel."

"Kuzungumza hakumuui mtu."

Mama wa ustawi alikuja Alhamisi, mwanamke wa makamo mwenye sauti tulivu na viatu vilivyolowa. Wakakaa jikoni wote wanne. Alikataa keki mara moja, akakubali mara ya pili, akamwinamia Avis kwa heshima.

"Bi Tromans, naambiwa huwa unamwona ndege. Unamwona hata sasa?"

Avis akatikisa kichwa kwa nguvu. "La. La. Siku... ile. Ndege. Clem." Akapiga meza. "Clem! Ndege!" Machozi yakaanza kumtoka, na upande wa uso unaofanya kazi ukakunjamana, upande mwingine ukabaki umetulia kama hauhusiki.

Muriel alimshika bega dada yake, akamtazama yule mama. "Unaona mwenyewe," alinong'ona. "Ndiyo hivi kutwa."

Clement alisimama. Miguu ilimpeleka nje, ikampitisha kwenye vitunguu vilivyoota magugu hadi kibandani. Alisogeza makopo ya rangi. Gazeti lilikuwa limeingia unyevu na kunuka kuvu. Alirudi jikoni akaliondoa mbele yao, akasogeza kisahani cha siagi, akamweka korongo mezani.

Yule mama wa ustawi alishusha kikombe chake polepole.

"Huyu ndiye ndege," alisema Clement. "Avis haoni mambo yasiyokuwapo. Nilikuwa na chombo hiki mkononi siku ile. Nilimkuta ameanguka, nikakiweka mezani kwanza, ndipo nikamwendea. Aliniona."

"Si ulisema basi liliharibika," alisema Muriel. "Ulisema chombo ulikikosa."

"Basi halikuharibika. Nilikaa kunywa chai na Foxall. Na asubuhi ile alidondosha kikombe, mdomo ukaenda upande. Niliuona. Nikaenda hivyohivyo."

Avis hakuwa anawasikiliza. Alikuwa amenyoosha mkono wa kushoto akaweka kidole kwenye shingo ya korongo, akakishusha taratibu hadi kwenye mguu. "Ndege," alisema, na safari hii neno lilitoka bila kugongana na kitu. Kisha akamgeukia dada yake. "Mimi. Si. Kichaa."

"Hapana, mpenzi wangu," alisema Muriel. "Hapana." Alikuwa mweupe kama karatasi. Alivaa koti lake, akafunga kila kifungo mahali pake. Mlangoni akageuka.

"Nilikuletea pai, Clement."

"Ndiyo."

"Za figo. Kila Jumatano nimesimama jikoni kwangu nakukandia unga, namwambia mume wangu angalia mwanamume alivyo. Na wewe unakaa hapa unaniacha nimwite dada yangu punguani mbele ya macho yake."

Muriel akatoka akaufunga mlango nyuma yake. Yule mama wa ustawi alimaliza chai yake, akaandika maneno machache, na kabla ya kuondoka akamwambia Avis, si Clement, kwamba haoni haja ya kurudi.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Habari ilizunguka Wordsley kabla ya Jumapili. Kasisi hakumtaja tena mtu yeyote asiyetajwa jina. Clement aliendelea kumwogesha mke wake na kumkatia nyama, na Avis alikubali kuogeshwa na kulishwa, lakini hata yale maneno machache aliyokuwa nayo hakumpa. Aliyatunza kwa Bi Lockley. Wawili hao walijifungia sebuleni kila wiki, na Clement alisikia kupitia mlango sauti ya mkewe ikirudia kitu kilekile, ikikwama, ikianza upya.

Katika kipindi hicho alikipeleka chombo kwa Foxall, akamwambia akichukue bure. Alirudi akijihisi mwepesi kidogo. Avis alitazama meza, akatazama rafu, akamwambia Clement neno lake la kwanza tangu Alhamisi ile.

"Wapi?"

"Nimemrudishia Foxall. Sikitaki machoni."

"Lete."

"Avis, kile kitu..."

"Lete. Zuri." Akapumua, akatafuta. "Chombo... hakina kosa."

Akakifuata. Foxall hakumuuliza kitu; alikuwa amesikia, kama wote, na tangu siku ile hakumwekea mtu kiti cha ziada.

Mazoezi ya sebuleni yalipokamilika, Avis alimwita Clement akamwonyesha akae mbele yake. Bi Lockley alisimama nyuma ya kiti, macho chini, akiona haya kama mtu aliyefungua barua isiyo yake. Avis aliisema sentensi yake polepole, kila neno likiwa limesuguliwa.

"Kuchelewa, nimesamehe. Kuniita mgonjwa wa akili, bado."

"Sawa," alisema Clement.

"Bado," alirudia Avis, Clement asije akadhani ameelewa haraka.

Waliishi miaka mingi hivyo, na haikuwa miaka mibaya. Muriel alirudi Krismasi ya pili, bila pai, akakaa upande wa dada yake. Avis alianza kudai apelekwe sokoni Jumamosi. Clement alimsukuma kwa kiti cha magurudumu katikati ya meza za vioo, naye akajifunza kushusha bei kwa kunyamaza tu na kukazia macho, jambo ambalo wauzaji waliliogopa kuliko maneno. Alichagua vyombo mwenyewe. Alipenda vyenye mawimbi. Clement hakununua tena kitu kwa hiari yake. Kila alipotoka hata kwenda kununua mkate alipiga simu nyumbani kutoka kibanda cha simu barabarani, na Avis aliinua simu, akasema "Nipo hai," akakata.

Clement hakumuuliza kamwe kama ile "bado" imekwisha. Aliona hana haki ya kuuliza. Lakini hakuna siku aliyoacha kuingojea, alipomvalisha soksi, alipomfungulia pazia, alipozima taa.

Kiangazi kimoja walikuwa wamekaa uani wakimenya njegere, yeye kwa mikono miwili, Avis kwa mkono mmoja na ganda limebanwa magotini. Walikuwa na sufuria mbili za njegere zisizomenywa kati yao. Avis alitupa ganda chini, akatazama juu ya ukuta wa jirani, akasema:

"Na ile nyingine nayo imekwisha."

Mikono ya Clement ilisimama. "Ipi, Avis?"

"Ile."

"Ile uliyosema siku ya Bi Lockley?"

Avis akamtazama kwa kuchoka. "Usinifanye nirudie, Clem. Maneno yangu ni ya kubana matumizi." Akamenya zilizobaki magotini.

Alikufa masika yaliyofuata, usingizini, Clement akiwa kando yake. Baada ya mazishi, nyumba ikiwa imejaa sahani za mikate na watu waliozungumza kwa sauti ndogo, Clement alimfuata Muriel jikoni akamweleza maneno yale ya uani, yalivyokuwa, bila kuongeza.

Muriel alikuwa anafuta vikombe. Alifuta kimoja hadi kikakauka kabisa.

"Kama alisema, alisema," alijibu.

"Lakini palikuwa na sufuria mbili, Muriel. Moja ilikuwa imeshakwisha. Huenda alikuwa anasema njegere."

Muriel alimtazama, uso wake ukikaribia huruma bila kufika. Kisha akampa kitambaa kingine cha kufutia, wakaendelea na vikombe.